Jokofu limegoma, mizani imekupunja: sheria ipi ya kumlinda mlaji ikufae hapa Mwanza?

Jirani yangu wa Mabatini alinunua jokofu la kugandishia barafu kwenye duka moja la Makoroboi. Siku ya tisa likanyamaza. Fundi akalifungua mgongo, akachungulia, akasema kompresa iliyomo si yake, ni ya kupachikwa. Mama akarudi dukani. Kijana wa kaunta hakubisha wala hakufoka, alimgeuzia tu risiti na kumwonyesha maandishi madogo ya chini: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

"Mama, hapa ulisoma?"

Jioni ile ushauri ulimiminika kibarazani kwake. Mmoja akasema aende polisi. Mwingine akasema TBS, Shirika la Viwango. Shemeji yake, anayesafirisha mizigo, akataja Tume ya Ushindani. Mzee mmoja akamwambia amwachie Mungu, maana huko ndiko kwenye foleni fupi.

Polisi niwaweke kando mapema. Kitu kibovu peke yake ni mgogoro wa madai, haujawa jinai. Polisi wanaingia pale penye utapeli wa wazi, wizi, au mtu aliyepokea hela akatokomea. Yaliyobaki yana sheria zake, na shida yetu ni kwamba sheria hizo ziko nyingi na zimetawanyika. Jirani zetu wa Kenya waliziandika haki za mlaji ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 46, kisha wakatunga sheria maalumu ya kumlinda mlaji mwaka 2012. Sisi kipande kimoja kiko kwenye sheria ya ushindani, kingine kwenye sheria ya tangu ukoloni, kingine kwa mpima mizani, kingine kwa mdhibiti wa umeme. Aliyeibiwa anajikuta mbele ya milango minne hajui agonge upi.

Tunapimia nini

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu wanalolisahau: unataka nini hasa? Unataka hela yako irudi, au unataka yule mtu akome? Haya ni mambo mawili tofauti. Kuna sheria inayoweza kumtoza muuzaji faini na kubeba mizani yake, na wewe ukarudi nyumbani na nusu kilo yako ile ile ya sangara iliyopungua.

Baada ya hapo nitaiuliza kila sheria maswali yale yale. Inamlinda nani, maana aliyenunua ili ale na aliyenunua ili auze hawahesabiwi sawa kila mahali. Inakupa nini mkononi. Inakugharimu nini, kwa hela na kwa kungoja. Inataka ushahidi gani. Na mwisho, inamfaa nani.

Neno "mlaji" lisikuchanganye. Watu hulicheka wakidhani ni mtu wa ugali na sato. Kwenye sheria zetu, hata anayenunua tairi la bajaji ni mlaji.

Mlango wa kwanza: Sheria ya Ushindani ya 2003

Jina lake limewapoteza wengi. Wanadhani ni ya kampuni kubwa zinazotaka kuungana. Ni kweli imo hiyo, lakini sheria hii, Na. 8 ya 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya 1994, ina sehemu nzima nzima za kumlinda mnunuzi. Inakataza kumdanganya kuhusu ubora wa bidhaa, inakotoka, kama ni mpya au imetumika, na kuhusu bei au dhamana yake. Inakataza kutangaza bei ya chambo kwa kitu ambacho hukukusudia kukiuza kwa bei hiyo. Anayeisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC, yenye ofisi ya kanda hapa Mwanza. Tume hiyo hiyo ndiyo inayoisimamia Sheria ya Alama za Bidhaa, ile inayohusu bidhaa bandia: wakaguzi wake wanaweza kuingia stoo, kukamata mzigo wenye chapa ya kuiga na kuuteketeza.

*Inamlinda nani.* Aliyenunua si kwa ajili ya kuuza tena, na si kwa ajili ya kutumia kitu hicho kuzalisha bidhaa za kuuza. Hapa ndipo mchuuzi wa dagaa anapoachwa nje: anayejaza gunia soko la Mwaloni ili akaliuze Shinyanga si mlaji kwa tafsiri hii. Na jirani yangu? Jokofu lake hagandishii chakula cha nyumbani tu, anauza barafu. Wakili mkorofi wa upande wa pili angeweza kusema amelinunua kwa uzalishaji. Nionavyo mimi mama bado ana hoja, lakini ajue swali hilo linaweza kumngoja mlangoni.

*Inakupa nini.* Tume inaweza kumwamuru mfanyabiashara aache, na inaweza kuamuru fidia kwa aliyeumia. Asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani. Zawadi kubwa ya sheria hii, kwangu mimi, iko kwingine: imeweka masharti ya lazima ndani ya mkataba wa mlaji, kwamba kitu kiwe na ubora unaostahili na kiwe kama kilivyoelezwa, na muuzaji hawezi kuyafuta masharti hayo kwa kuandika sentensi kwenye risiti. Yale maandishi ya "hairudishwi" yanakutisha tu. Hayamwokoi aliyeuza kitu kibovu. Yanaweza kumsaidia kwa mteja aliyebadili mawazo kuhusu rangi, na huyo kweli hana haki ya kurudisha.

*Gharama na mwendo.* Malalamiko unayaandika mwenyewe, wakili si lazima. Lakini kumbuka Tume inachunguza, inaita pande mbili, inapima uzito wa jambo. Haikimbii kwa kasi ya hasira yako.

*Ushahidi.* Risiti, tangazo, picha ya bei, na ujumbe wa WhatsApp ambao muuzaji aliandika "ni mpya kabisa, dhamana mwaka". Maneno yake kabla ya kuuza yana uzito kuliko ubovu wenyewe, kwa sababu kosa linalotafutwa hapa ni udanganyifu.

*Inamfaa nani.* Aliyedanganywa na duka ambalo linadanganya wengi. Ukiona simu ile ile "mpya" imewarudisha watu watatu kwa fundi mmoja, hili si lako peke yako, lipeleke huku.

Mlango wa pili: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na mahakama ya mwanzo

Hii ndiyo kongwe, Sura ya 214. Iliandikwa wakati Waingereza wanaitawala Tanganyika, ikafuata kwa karibu sana sheria yao ya 1893, na mpaka leo inatawala kila unaponunua ndoo, simu au ng'ombe. Haina ofisi, haina namba ya bure ya kupiga, haina fulana za maonyesho. Labda ndiyo maana hakuna aliyeitaja pale kibarazani.

Inasema kwamba kila mauzo yana ahadi za kimya, hata kama muuzaji hakufungua mdomo. Kwamba ana haki ya kuuza kile kitu: ukinunua simu Mlango Mmoja, kesho mwenyewe akaitambua ikachukuliwa, aliyekuuzia anadaiwa na wewe. Kwamba kitu kitafanana na maelezo. Kwamba ulichoonyeshwa kama sampuli ndicho utakachopewa, na wanaonunua mchele kwa kuonja kiganja wanajua kwa nini hilo ni muhimu. Kwamba kitakuwa na ubora wa kuuzika. Na kwamba kama ulimweleza muuzaji kazi unayotaka kukifanyia, ukategemea ujuzi wake, kitaifaa kazi hiyo. Jirani yangu alisema wazi mbele ya kaunta: "Nataka la kugandisha barafu usiku mmoja." Sentensi hiyo moja ina thamani ya hela nyingi.

Ila ina matundu yake, tena si madogo. Ahadi ya ubora inamfunga anayefanya biashara ya vitu vya aina hiyo. Ukinunua pikipiki kwa mwalimu mwenzako anayehamia Bukoba, hiyo ni yako na macho yako. Ukikikagua kitu kabla ya kununua, huwezi kulalamikia dosari ambayo ukaguzi ule ungeionyesha: ulimfunua sangara mashavu, ukamnusa, ukamlipia, basi. Ukikitaka kwa jina la chapa, bila kutegemea ushauri wa muuzaji, ahadi ya kufaa kwa kazi yako maalumu inaweza isikuhusu. Na tofauti na ile ya 2003, sheria hii inaruhusu pande mbili zikubaliane kuziondoa ahadi hizi. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha maandishi ya chini ya risiti, akiijua sheria, atakimbilia hii. Wewe utamjibu kwa ile nyingine.

*Inamlinda nani.* Mnunuzi yeyote. Hapa mchuuzi wa dagaa anapata hifadhi aliyonyimwa kule, na mwenye duka la Nansio anayeletewa mabati tofauti na aliyoagiza naye anaingia.

*Inakupa nini.* Hela. Ukiwahi, unakikataa kitu na kudai bei yako yote. Ukichelewa, ukakitumia kama chako bila kusema neno, sheria inakuhesabu umekikubali, na kinachobaki ni kudai fidia ya upungufu. Ndiyo maana siku za mwanzo ni za dhahabu. Lirudishe, au angalau mwandikie muuzaji siku ile ile kwamba umelikataa, na usiendelee kulitumia.

*Gharama na mwendo.* Mahakama ya mwanzo inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na unajisemea mwenyewe. Unalipa ada ya kufungua, mdaiwa anapelekewa wito, mnapangiwa tarehe. Unafungua mahali anapoishi mdaiwa au mahali jambo lilipotokea, kwa hiyo usijisumbue kutafuta mahakama iliyo karibu na kwako. Ugumu unaanza mara nyingi baada ya kushinda: hukumu ni karatasi, kuikaza ni safari nyingine. Mwenye duka la ghorofa ana mali ya kukamatwa. Mmachinga aliyekuuzia redio Igoma akahamia Kahama, bahati njema.

*Ushahidi.* Risiti ndiyo mama. Ushuhuda wa fundi, hasa akiandika alichokiona. Shahidi aliyekuwepo. Hapa niseme kitu kinachoniudhi: ile "bei ya bila risiti". Muuzaji anakupunguzia elfu ishirini ili asikukatie risiti ya mashine, nawe unatoka unacheka. Umemuuzia ushahidi wako kwa elfu ishirini. Na kisheria, mnunuzi asiyedai risiti ya EFD naye ana kosa lake mbele ya TRA, kwa hiyo hata kulalamika utalalamika kwa woga.

*Inamfaa nani.* Mwenye hasara inayohesabika, muuzaji anayejulikana alipo, na subira ya kwenda tarehe mbili tatu.

Mlango wa tatu: Sheria ya Vipimo na Sheria ya Viwango

Nimezifunga pamoja kwa sababu zina tabia moja: zinamwangalia muuzaji na bidhaa yake kwa niaba ya wote, wala haziangalii mkataba wako. Ni ndugu wawili wasiofanana. Wakala wa Vipimo anauliza "ni kiasi gani?" Shirika la Viwango, TBS, linauliza "ni salama na ni ya kiwango?"

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi uone kwa nini swali la kwanza ni zito kwetu kuliko mikoa mingi. Dagaa wanatoka visiwani kwa magunia, wanapimwa, wanagawanywa kwa ndoo na sado, wanapimwa tena. Sangara anapandishwa mizani ya kutundika huku mikono mitatu imeishika. Kila hatua kilo inaweza kunyofolewa kidogo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe kila mwaka na iwe na stika. Mazao hayatakiwi kufungashwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Gunia lisizidi kilo 100. Wakala huyu, aliyeanzishwa mwaka 2002, ndiye pia anayekagua pampu za mafuta. Ukihisi lita tano zako hazijafika tano, ni wake. Ukihisi bei imepita iliyotangazwa, huyo ni EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Pampu moja, sheria mbili, na mteja aliyeshika kidumu hajui aanzie wapi.

TBS wao wanasimamia alama ya ubora, na tangu mwaka 2019, TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuka kuwa TMDA, chakula na vipodozi vilihamia kwao. Dawa na vifaa tiba vikabaki TMDA. Krimu iliyomchubua dada yako uso, peleka TBS. Kidonge kilichokutilia shaka, TMDA. Na ndio TBS waliopiga marufuku nguo za ndani za mitumba, jambo ambalo ukipita kwenye baadhi ya meza za mnada utadhani halijawahi kutangazwa.

*Zinamlinda nani.* Wote: mlaji, mchuuzi, hata mkulima anayeuza. Mizani haiulizi umekuja kufanya nini.

*Zinakupa nini.* Kidogo sana kwa mfuko wako. Muuzaji anatozwa faini, mizani inachukuliwa, shehena inaondolewa sokoni. Wewe unabaki na raha ya kuona kesho hamwibii mwingine. Lakini matokeo yao ni silaha: ripoti ya kiserikali kwamba mizani ilichezewa, au kwamba bidhaa haikufikia kiwango, ukiingia nayo mahakamani huna haja ya kubishana sana.

*Gharama na mwendo.* Kutoa taarifa ni kupiga simu au kufika ofisini. Kwa mizani, mwendo wake unaweza kuwa wa haraka kuliko milango mingine, kwa kuwa mkaguzi akifika na mawe yake ya kupimia, jibu linapatikana pale pale.

*Ushahidi.* Kwa vipimo huhitaji hata risiti. Unahitaji mahali, saa, na mizani ipi. Usimgombeze muuzaji kwanza, maana mkaguzi akija atakuta mizani nyingine. Kwa TBS, hifadhi kopo au pakiti yenye tarehe na namba ya toleo. Watu wanatupa kopo, wanabaki na malalamiko.

*Zinamfaa nani.* Anayenunua kidogo kidogo kila siku, ambaye hasara ya leo ni shilingi mia tano na hatakwenda mahakamani kwa mia tano. Na mchuuzi anayepunjwa kila wiki na mtu yule yule.

Mlango wa nne: sheria za wadhibiti wa huduma

Maji, umeme, mafuta, simu, mabasi, meli, mikopo. Hapa hununui kitu cha kubeba, na mara nyingi huna pengine pa kwenda. Huwezi kuhama mamlaka ya maji kama unavyohama kibanda cha chipsi. Kwa sababu hiyo kila sekta imepewa mlezi: EWURA kwa nishati na maji, kwa sheria ya 2001, TCRA kwa mawasiliano, ya 2003, LATRA kwa usafiri wa nchi kavu, ya 2019, TASAC kwa vyombo vya majini, na Benki Kuu kwa mabenki, pesa za simu na wakopeshaji.

*Zinamlinda nani.* Mteja wa huduma hiyo, akiwa wa nyumbani au wa biashara. Mwenye mashine ya kusaga anaingia sawa na mwenye balbu mbili.

*Zinakupa nini.* Ankara kurekebishwa, huduma kurudishwa, nauli ya ziada kurejeshwa, wakati mwingine fidia. Uamuzi wa EWURA, TCRA au LATRA usipokuridhisha, rufaa ni Baraza la Ushindani lile lile.

*Gharama na mwendo.* Sharti moja linawakwamisha wengi: lazima uanze kwa mtoa huduma mwenyewe. Ukiruka hatua hiyo utarudishwa. Kwa hiyo lalamika kwa maandishi, pata namba ya lalamiko au mhuri wa kupokelewa, kisha subiri muda uliowekwa. Wanaolalamika kwa mdomo dirishani mwaka mzima hawajalalamika hata mara moja mbele ya sheria.

*Ushahidi.* Ankara za miezi iliyotangulia, picha ya mita yenye tarehe, meseji za tokeni, tiketi. Kuhusu tiketi za majini sisi wa kandokando ya ziwa tuna sababu yetu. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na MV Nyerere Septemba 20, 2018 karibu na Ukara, na mara zote mbili swali la ni wangapi hasa waliokuwemo lilikuwa gumu. Daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewatoa wengi majini, lakini wa Ukerewe bado tunapanda meli na boti. Tiketi yenye jina lako ni zaidi ya ushahidi wa nauli.

*Zinamfaa nani.* Mwenye mgogoro na mtoa huduma mwenye leseni. Kwa wale wa "tuma ile hela kwa namba hii", ujumbe huo na namba iliyoutuma vipeleke 15040, na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na kuhusu mikopo ya kausha damu: mkopeshaji wa daraja la pili, yule wa ofisi mtaani, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na riba yake imewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Asiye na leseni anayekubebea televisheni na magodoro, huyo unaweza kumtaja hata polisi.

Jokofu moja, milango minne

Turudi Makoroboi. Kwa Tume, swali ni kama duka lilidanganya: liliuza kompresa ya kupachikwa kama jokofu jipya. Hoja ipo, na yale maandishi ya risiti hayana nguvu, ila biashara ya barafu inaweza kuleta ubishi kama mama ni mlaji. Kwa mahakama ya mwanzo, hela ni chini sana ya milioni 30, duka linajulikana, alisema kazi anayoitaka, alirudi siku ya tisa. Tatizo ni maandishi ya risiti, ambayo chini ya sheria ile kongwe yanaweza kujadiliwa. Kwa TBS, angepata ukaguzi wa duka lakini barafu asingegandisha. Mdhibiti wa huduma hahusiki, isipokuwa ingeonekana ni umeme wa mtaa ndio uliounguza kompresa, na hapo hadithi nzima ingehamia EWURA. Ndiyo maana neno la fundi kwa maandishi lilikuwa la kwanza kutafutwa.

Milango haifungani, lakini sipendi ushauri wa kugonga yote kwa mkupuo. Ofisi moja ikisikia iko nyingine inalishughulikia, kila moja inamsubiri mwenzake.

Hali yako ikiwa hii

Umenunua kitu kikubwa kwa matumizi yako, hakijamaliza wiki mbili, risiti unayo: kikatae kwa maandishi leo. Asipokujibu, mahakama ya mwanzo kwa hela. Tume kama kuna uongo wa wazi kwenye tangazo au lebo.

Wewe ni mchuuzi na mzigo uliopokea si ulioagiza: usipoteze muda kwa Tume, nenda na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa. Kama tatizo ni uzito, mwite kwanza mtu wa vipimo kabla hujagusa gunia.

Umeuziwa chapa bandia na huna haja kubwa ya hela, unataka stoo ile ifungwe: Tume, kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa. Kubali kwamba huenda kitu chako kitabaki huko kama kielelezo.

Chakula au kipodozi kimemdhuru mtu: hospitali kwanza, kisha TBS na pakiti yake. Cheti cha daktari utakihitaji baadaye ukidai fidia.

Kilo haifiki: vipimo, kimya kimya.

Ankara imepaa, kifurushi kimeyeyuka, kondakta amekutoza zaidi ya nauli iliyopangwa: mtoa huduma kwa maandishi, halafu mdhibiti.

Huna risiti, muuzaji hana anwani, bei ilikuwa ya kutupa: hesabu nauli na siku utakazopoteza kabla ya kuanza. Ushauri wa yule mzee wa foleni fupi nao una mahali pake.

Jirani yangu alichagua mahakama ya mwanzo, lakini alianza na barua. Ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, alichomwambia muuzaji, alichokiona fundi, "nimelikataa jokofu hili, nadai bei yangu ndani ya siku 14", na chini kabisa mstari wa "Nakala: Tume ya Ushindani". Alimpa kijana wa kaunta asaini kupokea. Siku ya kumi na mbili simu ikaita. Hawakutaka kurudisha hela; walitaka kujua kama kesho atakuwepo nyumbani wabadilishe. Alikubali, kwa sharti kwamba fundi wake awepo lifunguliwe mgongo mbele yao kabla halijashushwa garini.